Dole Gumba kwenye Hati ya Wito

Glorious, kabla hujafungua ukurasa wa pili, funga kwanza mlango. Nakuomba kwa ule urafiki wetu wa bweni moja, usimsomee mtu neno hata moja la humu, wala mama yako, wala wenzako wa kituo cha msaada wa kisheria hapo Mbinga mjini. Jina la kijiji sikuliandika mahali popote, na wewe usilitaje. Sikuanza kuandika haya kwa ajili yako, ingawa katikati utaona nakuita jina. Niliandika kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia. Sasa nakutumia daftari zima jinsi lilivyo. Lisome mpaka mwisho kwanza, ndipo unihukumu.
Vitalia

Jumatatu, 6 Januari 2025
Mvua tangu alfajiri. Leo natimiza miezi minne nikiwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa ziwani, na bado miezi minane nithibitishwe kazini. Hakimu wetu, Mheshimiwa Kilian, hapandishi sauti akikasirika. Huishusha. Nimejifunza kuogopa akianza kuongea taratibu.

Shauri jipya ni la mirathi. Mvuvi mmoja, Hamphrey, alifariki tarehe 20 Desemba. Ameacha mjane, nyumba ya matofali karibu na maji, na boti la injini. Kaka yake, Ladislaus, anaomba kuwa msimamizi wa mirathi. Ni mtu mpole, alifuta miguu kwa muda mrefu kabla ya kuingia ofisini. Akaniita mwanangu. Nimempangia tarehe 11 Februari, na tangazo nimelibandika ukutani.

Jumatano, 8 Januari
Mvua. Mtandao hakuna.

Ijumaa, 10 Januari
Mheshimiwa ameniita. Wiki ya Sheria inakaribia, anataka ubao mkubwa barazani wa kuwaeleza wananchi maneno ya mahakama. "Usiandike kama mtu wa chuo," akasema. "Andika kama unamweleza shangazi yako." Basi nimemfikiria shangazi kule Mkumbi, amekaa na ungo wa kahawa miguuni, nikaanza.

Hati ya wito: karatasi ya mahakama inayokuambia kuna shauri linalokuhusu, na siku ya kufika. Lazima ikufikie. Ukisaini kwamba umeipokea, hujakubali kosa wala dai. Umekubali tu kwamba umejua.

Jumanne, 14 Januari
Mhudumu anayepeleka hati anaumwa malaria, kwa hiyo wito wa mjane nimeupeleka mwenyewe. Nimetembea saa nzima kwenye tope, nimebeba viatu mkononi.

Msiba bado haujaisha. Mjane, Emerensiana, yuko chumba cha ndani nyuma ya pazia, na katika ukoo ule mfiwa hapokei kitu kwa mkono wake mpaka arobaini ipite. Unga, pole, salamu, ujumbe, kila kitu hupokelewa na mwanamke mmoja aliyechaguliwa kumsemea. Kwetu milimani pia mfiwa ana msemaji wake, kwa hiyo sikushangaa. Msemaji hapa ni Walburga, dada wa marehemu, wifi yake.

Nikamwamkia. Nikasema nina karatasi ya mahakama ya Mama Emerensiana, na lazima nimpe yeye mwenyewe.

"Karani," akasema Walburga, "umewahi kuona mfiwa anatolewa nje kushika kalamu?"

"Hapana, mama. Lakini fomu inataka..."

"Fomu imefiwa?"

Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo wakacheka chinichini. Nikaona aibu. Nikasema basi naweza kuandika kwamba imepokewa na wifi yake kwa niaba. Walburga akatikisa kichwa.

"Andika ni yeye. Humu ndani leo mimi ndiye yeye."

Akavuta kidau cha wino nilichokuja nacho, akaweka dole gumba lake juu ya jina la Emerensiana. Akalibonyeza vizuri, kama mtu aliyezoea. Nikapuliza wino ukauke. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akikohoa.

Jumatano, 15 Januari
Nimejaza hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba wito umefika. Fomu ina nafasi mbili: "amepokea mwenyewe" na "imepokewa na mtu mzima wa nyumbani kwake". Ningejaza ya pili, dole lisingelingana na jina, na ningetakiwa kurudi kule kwenye tope na kwenye kile kicheko. Nimejaza ya kwanza. Nimeapa mbele ya Mheshimiwa. Kwenye mfumo wa kompyuta, penye "wito umefika", nimeweka alama ya ndiyo.

Ni jambo dogo. Nimeliandika hapa ili nilisahau.

Jumanne, 28 Januari
Ubao umetundikwa. Watu wanasimama kuusoma wakikimbia mvua. Wanalipenda neno la msimamizi wa mirathi kuliko yote. Niliandika hivi: Msimamizi si mrithi. Anakusanya mali ya marehemu na kuwagawia wenye haki. Amepewa ufunguo wa ghala, hakupewa mahindi.

Mheshimiwa alisoma mpaka mwisho, akasema, "Shangazi yako ameelewa." Nilifurahi siku nzima.

Jumanne, 11 Februari
Shauri la mirathi ya Hamphrey limesikilizwa. Nilitoka barazani nikaita jina la Emerensiana mara tatu kuelekea kwenye mvua. Kimya. Mmoja wa wazee washauri wanaokaa na hakimu akauliza, "Mjane yuko wapi? Arobaini si imeshapita?"

Mheshimiwa akatazama jalada. "Wito ulimfika mwenyewe, karani ameapa. Kama ana pingamizi, angekuja kulisema." Akashusha sauti. "Mahakama haiwezi kumsubiri mtu aliyejua akakaa."

Ladislaus ameteuliwa kuwa msimamizi. Mimi ndiye niliyegonga muhuri.

Kwa nini hakuja?

Ijumaa, 14 Februari
Jioni Ladislaus amepita nyumbani kwa Hedwiga, mama mwenye nyumba wangu, ameacha mbasa mkubwa amefungwa kwenye jani la mgomba. "Ya karani wetu, kwa kazi nzuri." Nilitaka kumrudisha. Hedwiga alikuwa ameshaanza kumparua magamba.

"Nyie Wamatengo wa milimani," akasema, "mkiona wimbi mnashika rozari, mkipewa samaki mnataka barua. Kaa ule."

Nilikula. Alikuwa mtamu.

Jumanne, 25 Februari


Saa nne asubuhi, mvua kubwa, barazani alikuwepo mwanamke mmoja tu. Nguo nyeusi, mwembamba, amesimama karibu sana na ubao. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilitoka nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Ndiyo, mama."

"Umeandika vizuri. Nimesoma darasa la saba tu na nimeelewa yote. Ila hapa," akaweka kidole, "umeandika wito lazima umfikie mtu. Mimi ni Emerensiana, mke wa Hamphrey. Mimi haukunifikia."

Nikausoma tena ule mstari wangu.

"Shemeji yangu ameniambia mahakama imempa nyumba. Nikasema si kweli, mahakama haiwezi kugawa nyumba yangu bila kuniita. Akaniambia niliitwa. Akaniambia kuna dole langu. Mwanangu, mimi nasoma na kuandika. Kwa nini niweke dole?"

Glorious, hilo ndilo sikuwahi kulifikiria. Darasa la saba. Hedwiga anasema anasaini jina lake kwenye daftari la kwaya ya Anglikana kila Jumapili.

"Ulikuja mtu wakati wa msiba," akaendelea. "Nilisikia sauti ya binti. Wifi akaniambia ni watu wa ofisini, wameleta pole."

Nilimwambia jalada liko kwa Mheshimiwa, arudi wiki ijayo. Halikuwa kwa Mheshimiwa. Lilikuwa mezani kwangu, chini ya kikombe. Akanitazama kidogo, akajifunika kanga kichwani, akaingia kwenye mvua. Hakutambua sauti yangu, au alitambua.

Jumatano, 26 Februari
Mvua.

Alhamisi, 27 Februari
Mvua. Sijala.

Jumamosi, 1 Machi
Hedwiga amerudi na habari kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki. Ladislaus amepata mnunuzi wa ile nyumba, mtu wa Songea, na boti anauziwa pamoja. Atakuja na lori Jumatatu tarehe 24 kukabidhiwa.

"Na mjane?" nikauliza.

"Ameambiwa arudi kwao Tingi. Hana mtoto, nani atamtetea abaki?" Akageuza usipa, dagaa wa ziwa hili, juani, jua lenyewe la dakika kumi. "Msimamizi si ndiye ana ruhusa? Wewe si ndiye uliyeandika kwenye ubao?"

"Niliandika si mrithi."

"Uliandika ana ufunguo. Watu wanakumbuka ufunguo."

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Nilienda kanisani. Sikupanga foleni ya kitubio.

Alhamisi, 6 Machi
Ladislaus amekuja ofisini wakati Mheshimiwa ameenda Mbamba Bay. Safari hii hakufuta miguu.

"Shemeji yangu anapitapita hapa," akasema. "Anakuuliza nini?"

"Anauliza kuhusu wito, baba."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Bado sijamjibu."

"Endelea hivyohivyo." Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Mimi sikuapa kitu, mwanangu. Dada yangu hakuapa kitu. Aliweka dole mahali ulipomwonyesha. Kiapo ni chako. Nimemuuliza mtu anayejua, anasema kuapa uongo ni jela." Akainuka, akatabasamu kama zamani. "Na mbasa ulimla."

Nilikuwa namwona mpole. Sasa naona alikuwa anasubiri tu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelifungua jalada nikiwa peke yangu. Dole lipo. Limetoka safi, mistari yake yote inaonekana. Lingekuwa limechafuka ningeweza kusema sijui.

Mchana Emerensiana amerudi. Safari hii nimemkaribisha ndani, nikamweleza ukweli wa utaratibu, ingawa si ukweli wangu. Kwamba mahakama ileile iliyomteua msimamizi inaweza kutengua uteuzi, yaani kuuondoa, kama njia ya kuupata ilikuwa na kasoro. Kwamba anatakiwa kuleta maombi na hati ya kiapo, yaani maneno yake mwenyewe aliyoyaapia kuwa ni kweli. Kwamba anaweza kuomba zuio: amri ya kusimamisha uuzaji mpaka asikilizwe.

Alisikiliza bila kupepesa macho.

"Na nitathibitishaje kwamba dole si langu?"

"Linaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa alama za vidole."

"Siku ngapi?"

"Miezi, mama."

"Nyumba inauzwa baada ya siku kumi na nne." Akavifunga vidole vyake. "Basi inabidi apatikane yule binti aliyekuja."

Nilitazama kikombe changu. Nilisema, "Ndiyo, inabidi apatikane." Nilisema hivyo, Glorious. Kwa sauti yangu hii hii.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeichana. Nikiacha kazi leo, dole linabaki.

Ijumaa, 14 Machi
Emerensiana ameleta maombi yake, ameyaandika mwenyewe kwenye karatasi za daftari. Nimeyapokea, nimeyagonga muhuri, sijayapeleka kwa Mheshimiwa. Yako kwenye droo. Najua ninachofanya. Naandika ili nisije kusema sikujua.

Jumapili, 16 Machi
Mvua haikunyesha leo. Ziwa limetulia, ukiangalia unaona milima ya upande wa pili. Watu wamefurahi, nyavu zimeanikwa kila mahali. Nilipita mbali na nyumba ya Emerensiana. Alikuwa anapaka sakafu udongo mpya kwenye kibaraza. Nyumba imebakiza wiki moja, naye anapaka sakafu.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeingia ofisini kwa Mheshimiwa saa mbili kamili, nimeshika maombi ya Emerensiana na jalada.

"Maombi haya yaliletwa lini?"

"Ijumaa, Mheshimiwa."

"Leo ni Jumatatu. Yalikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

Akavua miwani. Nikamwambia yote, kuanzia viatu mkononi. Pazia, kicheko, kidau cha wino, "mimi ndiye yeye". Nafasi mbili za fomu. Nikamwambia na habari ya mbasa. Nilipomaliza, maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Uliapa mbele yangu," akasema. Taratibu sana.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nami nikamwambia mzee mshauri, mbele ya watu, kwamba mjane alijua akakaa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa nini hukuandika imepokewa na wifi? Ungeandika hivyo, ningemuuliza huyo wifi swali moja tu, na shauri lingeahirishwa. Hukuhitaji ushujaa, Vitalia. Ulihitaji kujaza mstari wa pili."

Nililia. Hakunizuia, hakunipa kitambaa. Alikuwa anaandika. Nilidhani anaandika habari zangu. Kumbe alikuwa anaandika zuio.

Akalisaini, akanisukumia. "Gonga muhuri. Hii ndiyo kazi yako ya mwisho hapa mpaka waniambie vinginevyo. Nakala moja kwa Ladislaus, moja kwa mjane, moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mhudumu atazipeleka. Wewe hupeleki hati tena."

Kisha akanieleza yatakayofuata. Shauri la kutengua hatalisikiliza yeye, kwa sababu kiapo kilifanywa mbele yake. Atamwandikia hakimu wa wilaya apangwe mwingine. Tarehe ni 8 Aprili. Mimi nimesimamishwa, nina siku kumi na nne za kuandika maelezo ya kujitetea, na mambo ya kiapo yatakwenda yanakokwenda.

"Unaogopa?" akaniuliza nilipofika mlangoni.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Vizuri. Ungeogopa tarehe 15 Januari."

Jumanne, 18 Machi
Nimekwenda mwenyewe kwa Emerensiana, bila hati yoyote. Nimemwambia yule binti ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ya ubao. Sauti yako inapanda mwishoni mwa neno, kama ya watu wa milimani."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungekimbia. Nilikuwa nakuleta taratibu."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akanishika bega, akaninyanyua, lakini uso wake haukulegea. "Msamaha utasubiri zamu yake. Kwanza nyumba."

Alhamisi, 20 Machi
Hedwiga amenieleza mezani, macho yake kwenye sahani. Usipa anaoukausha anaununua kwenye maboti ya Ladislaus. "Sikufukuzi, mwanangu. Lakini wamenikatia tangu jana. Nina watoto wanne."

Sikumlaumu. Nikafunga begi.

Nilikuwa nimesimama njiani bila kujua niende juu au chini, Emerensiana akatokea, amebeba kuni. Akauliza begi ni la nini, nikamwambia.

"Twende kwangu."

"Mama, watu watasema umeninunua."

"Waseme hukohuko mahakamani, wataulizwa maswali." Akatangulia. Baada ya hatua chache akageuka. "Usidhani nimekusamehe. Nataka shahidi wangu nimwone kila asubuhi."

Jumapili, 23 Machi
Walburga alipita nje wakati wa ibada, akasimama kwenye kibaraza kipya, akasema kwa sauti ili nisikie, "Humo ndani sasa kuna wafiwa wawili." Emerensiana alikuwa kanisani. Sikutoka. Baadaye nikaona nyayo za Walburga kwenye ule udongo mpya uliolowa mvua.

Kesho ndiyo tarehe 24. Ladislaus anasema mjini hakuna anayesikiliza karatasi ya mahakama ya mwanzo, na lori litakuja. Mwenyekiti wa kijiji ana nakala ya zuio, lakini simu yake haipatikani tangu jana. Ndiyo maana daftari hili linaondoka alfajiri na basi, limefungwa kwenye gazeti, kwa jina lako.

Nakuhitaji, Glorious. Mimi nijitetee peke yangu, sawa, lakini Emerensiana anahitaji mtu wa kukaa naye tarehe 8 anayejua sheria na asiye na doa. Wewe huna doa.

Unipate hivi. Simu yangu usipige, nimeizima, kwa sababu wananipigia watu wasiosema kitu. Panda basi la asubuhi la Mbamba Bay, umwambie kondakta akushushe pale njia ya udongo inapoiacha lami, kwenye duka lenye mlango wa bluu. Usimuulize mtu habari za karani. Uliza nyumba ya Mama Emerensiana wa kwaya, utaelekezwa na yeyote. Ukishuka mpaka uone maji, ni ya mwisho kulia, yenye kibaraza chekundu kilichopakwa upya. Bisha hodi, utaje jina lako lote.

Nitafungua mimi au atafungua yeye. Ukikuta kufuli, kaa kibarazani utusubiri. Lakini akifungua mtu mwingine yeyote, hata akikukaribisha vizuri, hata akikwambia tumesafiri, usiingie na usibishane naye. Panda mpaka mahakamani, umwone Mheshimiwa Kilian, umwambie zuio limevunjwa, na umpe daftari hili.